Jan Amos Comenius: mchungaji mkimbizi aliyemsimamisha mwanafunzi mahali pa mwalimu



Kila mwaka tarehe 28 Machi walimu wa Jamhuri ya Cheki wana sikukuu yao. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo aliyozaliwa Jan Amos Comenius, mwaka 1592, katika jimbo la Moravia. Wale kati yetu waliosomea ualimu wamekwisha kukutana na jina lake katika somo la historia ya elimu, kwa kawaida katika mistari miwili tu: kwamba alitunga kitabu cha watoto chenye picha, na kwamba ni baba wa elimu ya siku hizi. Sisi tunaoandika haya tunaishi Kamina, karibu na shule za kanisa, na tunaona kwamba mistari hiyo miwili inaacha nje yale yanayotuhusu zaidi. Comenius alikuwa mchungaji, baadaye askofu, wa kanisa lililofukuzwa katika nchi yake. Alizika mke na watoto wakati wa vita. Nyumba yake na vitabu vyake viliteketezwa na moto zaidi ya mara moja. Na katikati ya tabu hizo zote alikuwa akitafuta jibu la swali moja la darasani: tutajuaje kwamba mtoto amefahamu kweli, na hakukariri tu?

Alianza kuijua tabu mapema. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, baba yake, mama yake na dada zake wawili walikufa. Shangazi yake akamchukua katika mji wa Strážnice, na mwaka 1605 mji huo nao ukavamiwa na askari ukachomwa. Mtoto akapelekwa huku na huku. Hakuingia shule ya Kilatini, iliyokuwa mlango wa elimu yote ya juu, mpaka alipotimiza miaka 16, katika mji wa Přerov. Tunadhani kuchelewa huko kulimfaa. Aliketi kati ya watoto wadogo akiwa kijana mwenye akili ya kupima mambo, akaona jinsi walivyofundishwa: kanuni za sarufi zinakaririwa kwa Kilatini kabla ya kujua Kilatini, fimbo iko mkononi mwa mwalimu, na neno halikufungwa na kitu chochote ambacho mtoto amekiona. Baadaye aliandika kwamba shule za namna ile zilikuwa machinjio ya akili za watoto. Ni neno kali, lakini alikuwa ameketi humo mwenyewe.

Kanisa lake liliitwa Umoja wa Ndugu. Lilianza mwaka 1457, miaka 60 kabla ya Luther, kati ya watu walioshika mafundisho ya Jan Hus, yule aliyechomwa moto huko Konstanz mwaka 1415. Lilikuwa kanisa dogo, lenye kupenda shule na Maandiko katika lugha ya watu. Ndilo lililomtuma kijana huyu kusoma teolojia Ujerumani, kwanza Herborn, kisha Heidelberg. Mwaka 1614 alirudi nyumbani sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Kabla ya kuondoka Heidelberg alikuwa amenunua maandishi ya mkono ya Copernicus, yale yanayosema dunia huzunguka jua. Jambo hili hutufanya tutabasamu, kwa sababu Comenius hakukubaliana na Copernicus, wala baadaye hakukubali. Alitumia fedha zake chache kununua hoja asiyoikubali, akaibeba.

Akafundisha Přerov, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1616, na mwaka 1618 akapewa usharika wa Fulnek pamoja na shule yake. Akaoa Magdalena. Mwaka uleule vita vikaanza, vile ambavyo watu wa Ulaya wanaviita Vita vya Miaka 30. Mnamo Novemba 1620 jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa karibu na Prague, na mfalme mshindi akaamua kwamba wachungaji wao wote waondoke. Mwaka 1621 askari wakaingia Fulnek wakaupora na kuuchoma. Comenius akakimbia kujificha kwa mtu mkubwa aliyekuwa rafiki wa Ndugu. Mwaka uliofuata Magdalena na watoto wao wawili wakafa kwa tauni, naye hakuwa pamoja nao. Mwaka 1623 vitabu vyake vilivyobaki Fulnek vikachomwa katika uwanja wa mji.

Ndugu zetu wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa maisha ya namna hiyo. Hata huku kwetu Haut-Lomami, wenye kutoka Malemba-Nkulu na Mitwaba wanakumbuka miaka ya kulala porini. Tunalitaja kwa sababu ya jambo moja: kazi kubwa ya Comenius juu ya shule ilianza katika maficho hayo, wakati hakuwa na shule yoyote ya kuijaribia. Alikuwa na hakika kwamba siku moja Ndugu watarudi kwao, na kwamba watakuta kizazi kizima hakikusoma. Alitaka njia ya kufundisha ambayo ingekuwa tayari siku ile.

Siku ile haikufika. Mnamo Februari 1628 alivuka mpaka pamoja na jamaa yake mpya, kwa maana alikuwa ameoa tena, akaenda Leszno katika nchi ya Poland. Huko Ndugu walikuwa na shule, naye akafundisha, kisha akawa mkuu wake. Mwaka 1631 akatoa kitabu cha kujifunzia Kilatini kilichomfanya ajulikane Ulaya yote. Kilikuwa na sentensi 1000 hivi na maneno 8000 hivi, katika sura 100, na kila sura ilizungumzia mambo halisi: moto, maji, mawe, mimea, mwili, nyumba, kazi za mikono. Kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mtu aliyekuwa hana nchi akawa na wanafunzi katika nchi asizozijua.

Lakini kitabu tunachotaka kukaa nacho ni kile alichokiandika kwanza kwa Kicheki katika miaka hiyo ya Leszno, kisha akakigeuza kwa Kilatini, nacho kikachapwa mwaka 1657: Didactica Magna, yaani Mafundisho Makuu ya Ufundishaji. Humo anasema kwamba shule ni ya wote, wavulana na wasichana, matajiri na maskini, wepesi na wazito. Anagawa miaka ya kukua katika shule nne za miaka sita sita, na ya kwanza ni magoti ya mama. Ya pili, toka miaka 6 hadi 12, anataka ifundishe kwa lugha ya nyumbani. Kilatini kije baada yake. Kwake lilikuwa jambo wazi: mtoto anayefundishwa jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua amewekewa mizigo miwili begani kwa mara moja, naye atautua mmoja. Atautua ule wa kufahamu, kwa sababu wa kukariri ndio unaopimwa.

Juu ya somo lenyewe, ushauri wake ni huu. Mwalimu alete kitu chenyewe, au picha yake kama kitu hakipatikani, watoto wakione, wakishike, wakinuse kama kinanuswa. Aeleze jambo moja tu, kwa ufupi. Kisha anyamaze, amwite mwanafunzi mmoja asimame, aeleze jambo lilelile kana kwamba yeye sasa ndiye mwalimu na wenzake ndio wanafunzi. Akikosea, asahihishwe palepale. Kisha aitwe wa pili afanye vivyo hivyo, kisha wa tatu na wa nne, mpaka ionekane wazi kwamba darasa lote limeshika. Aanze na wepesi, ili wazito wapate nafasi ya kusikia mara nyingi kabla ya zamu yao. Na jioni, nje ya masomo, wanafunzi wakutane wenyewe, mmoja wao akae mbele, waulizane na kubishana juu ya yale waliyojifunza.

Alitoa sababu zake. Kila mtoto anasikiliza kwa makini, kwa kuwa hajui kama ataitwa. Mwalimu anajua siku ileile nani ameelewa, hangoji mtihani. Jambo linarudiwa mara nyingi bila kuchosha, kwa sababu sauti inabadilika. Na mtoto aliyesimama mara moja kufundisha wenzake hulipenda lile alilofundisha. Alikuwa akikumbuka shauri la zamani lililokuwa likizunguka kati ya wasomi wa wakati wake, kwamba anayeuliza mengi, akashika majibu, akayafundisha kwa wengine, atampita mwalimu wake.

Walimu wa siku hizi wana majina mengi ya njia hii, na kozi nyingi zinatolewa juu yake kana kwamba ni kitu kipya. Ukiiangalia vizuri ni mambo ya Leszno.

Tunaiona na upungufu wake. Comenius alitaka mwanafunzi arudie maelezo ya mwalimu kwa mfuatano uleule na mifano ileile. Katika darasa letu, mtoto mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kufanya hivyo kama kasuku, akaketi, na mwalimu akaridhika. Comenius mwenyewe alijua hatari hiyo, maana mahali pengine katika kazi zake anadai zaidi: mwanafunzi aone mwenyewe, aseme mwenyewe, atende mwenyewe, atumie mwenyewe. Analalamika kwamba wasomi wa siku zake wanajua tu nani alisema nini, na hawajui kitu chenyewe kikoje. Kwa hiyo tunadhani njia yake inafanya kazi pale tu mwalimu anapoongeza maagizo mawili kwa yule aliyesimama: eleza kwa lugha unayoota nayo usiku, na toa mfano ambao mimi sikuutoa.

Tuchukue somo la jiografia Kamina. Mji wetu ulikua juu ya gari la moshi. Mtoto wa hapa anasikia Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na kanisani, na Kifaransa ubaoni. Anajifunza maana ya kisiwa kwa Kifaransa: nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Anaikariri, darasa zima linaiimba, na inspekta akipita anafurahi. Sasa mwalimu mwenye kumfuata Comenius angeleta beseni la maji na bonge la udongo. Angeonyesha. Kisha angemwita mtoto aeleze kwa Kiswahili au kwa Kiluba, na kutoa mfano wake mwenyewe. Na hebu tufikiri kwamba anayeitwa ana babu mvuvi kule Kinkondja, kando ya Ziwa Kisale. Kule kuna vipande vikubwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji, na wavuvi wanajenga vibanda juu yake, wanapika bukari humo, wanalala humo. Mtoto huyo atauliza kama hicho nacho ni kisiwa. Kimezungukwa na maji pande zote. Watu wanakaa juu yake. Lakini kinasogea, na chini yake kuna maji pia.

Mwalimu akijibu upesi, swali limekufa. Akilirudisha kwa darasa, watoto watagawanyika. Mmoja atasema kisiwa lazima kishikane na udongo wa chini. Mwingine atauliza maneno hayo yako wapi katika maana waliyoikariri. Watagundua wenyewe kwamba maana waliyopewa ina tundu, na kwamba maana hutengenezwa na watu wenye kutazama. Kazi hiyo ni ya dakika 20, inahitaji beseni na udongo. Vyote viwili viko Kamina.

Tunajua jibu la walimu wetu, tumelisikia: darasa lina watoto wengi kupita kiasi. Ni kweli. Tangu serikali ilipotangaza shule ya msingi bila malipo mnamo Septemba 2019, watoto waliokuwa nyumbani waliingia, nasi tulimshukuru Mungu kwa hilo, lakini benchi na walimu hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Basi ni vizuri kujua kwamba Comenius hakuandika kwa ajili ya madarasa ya watoto 15. Alishikilia kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha hata mamia ya watoto kwa wakati mmoja, mradi awagawe katika makundi ya kumi kumi, kila kundi na kiongozi wake kati ya wanafunzi wenyewe, na mradi asiache mtoto yeyote akae salama na hakika kwamba hataitwa. Hapo alitia chumvi, kwa maoni yetu. Hesabu yake ilimsahau mwalimu mwenyewe, anayerudi nyumbani akiwa hana sauti, na mshahara wake umechelewa. Lakini makundi ya kumi kumi hayana gharama, na sheria yetu ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kutumia lugha za taifa na lugha za mazingira. Mlango huo uko wazi zaidi kuliko tunavyoutumia.

Fimbo nayo aliiwekea mpaka. Kwa makosa ya tabia alikubali adhabu kali, kama watu wote wa wakati wake, lakini kwa kutokujua somo alikataa kabisa. Alitoa mfano wa mpiga kinanda: nyuzi zikitoa sauti mbaya hazipigi ngumi, anazikaza kwa sikio mpaka zipatane.

Turudi kwenye safari yake. Mwaka 1641 rafiki zake wa London walimwita Uingereza, bunge la huko likiwa na nia ya kumpa nyumba ya kuanzisha chuo cha elimu yote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikazuka kule pia mwaka 1642, akaondoka. Njiani huko Uholanzi alikutana na Descartes kwa saa chache, wakazungumza kwa heshima na wasipatane. Waswidi wakamwajiri kuandika vitabu vya shule, naye akafanya kazi hiyo kwa miaka sita, huku moyo wake uko kwenye mambo mengine. Mwaka 1648 akafanywa askofu wa Umoja wa Ndugu. Mwaka huohuo mkewe Dorota akafa, na mwaka huohuo vita vikaisha kwa mkataba ambao haukuwakumbuka watu wake. Wakubwa waligawana nchi. Ndugu wa Moravia hawakupewa ruhusa ya kurudi. Miaka 20 ya kungoja ikaishia hapo, na askofu wao akaandika kitu kama wasia wa kanisa linalokufa, akigawa urithi wake kwa makanisa mengine na kwa taifa lake.

Halafu akaenda kufundisha watoto tena. Toka 1650 hadi 1654 alikuwa Sárospatak, katika Hungaria, ambako aligeuza masomo kuwa michezo ya kuigiza, watoto wakicheza mbele ya wazazi yale waliyokuwa wakiyasoma. Huko ndiko alikotayarisha kile kitabu cha picha, Orbis Pictus, kilichochapwa Nuremberg mwaka 1658. Kina sura 150. Kila sura ina picha yenye namba, na namba zinaelekeza kwenye maneno ya Kilatini upande mmoja na ya lugha ya mtoto upande wa pili. Hata herufi zinafundishwa kwa sauti ambazo mtoto amezisikia uani: kunguru anayelia, mwanakondoo anayeita mama yake. Kwa zaidi ya miaka 100 watoto wengi wa Ulaya walianza kusoma kwa kitabu hicho.

Na sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wanaomsifu hulipita. Tunaliandika kwa sababu ni letu pia. Comenius, aliyetaka kila mtoto aone kwa macho yake na kupima kwa akili yake, aliamini manabii wasiojaribiwa. Watatu walikuwa na uzito kwake, na wa mwisho aliitwa Mikuláš Drabík, mtu aliyemjua toka ujana. Hao walitabiri kwamba ufalme uliowafukuza ungeanguka upesi, na wakimbizi wangerudi nyumbani kwa ushindi. Comenius alikusanya maneno yao akayachapa mwaka 1657. Watu wenye busara walimsihi aache. Hakuacha. Mwaka 1655, mfalme wa Uswidi alipovamia Poland, Comenius aliandika maneno ya kumsifu, akiona labda huyu ndiye mkombozi aliyetabiriwa. Wapoland hawakusahau. Mnamo Aprili 1656 jeshi lao lilipoupata mji wa Leszno, uliokuwa umejaa wakimbizi Waprotestanti, waliuchoma. Comenius alitoka akiwa na nguo alizovaa. Katika moto huo iliteketea kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40. Drabík mwenyewe alikamatwa akauawa mwaka 1671, na utabiri wake haukutimia.

Hatumlaumu mzee aliyepoteza kila kitu kwa kutamani sauti inayosema utarudi nyumbani. Tunajua sauti hiyo inavyovuta. Katika kambi za wakimbizi na katika sharika zetu tumewasikia manabii wa namna hiyo, wenye kutaja hata tarehe. Na huku Haut-Lomami tuliwaona vijana, wengine bado watoto wa shule, walioingia Mai-Mai kwa sababu mkubwa mmoja aliwaambia kwamba maji yale yatageuza risasi. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa miaka yote, shuleni na mahali pengine, kwamba likisemwa na mkubwa hurudiwa, haliulizwi. Kupima jambo ni zoezi, na zoezi hilo halikupata saa yake darasani. Kwa Comenius tunaona kwamba hata aliyelifundisha anaweza kulisahau pale moyo unapouma zaidi. Ndiyo maana tunaona haitoshi kulifundisha katika hesabu na jiografia tu. Katekista anayeuliza wanafunzi wa ubatizo waeleze kwa maneno yao, na kuwaacha waulize swali gumu bila kuitwa waasi, anafanya kazi ileile. Sharika chache zinafanya hivyo kwa sasa.

Baada ya moto wa Leszno, familia ya tajiri mmoja wa Amsterdam, de Geer, ilimpokea. Alikaa huko miaka 14 ya mwisho, mzee mkimbizi, akikusanya sadaka kwa ajili ya Ndugu waliotawanyika na kuandika usiku. Mji wa Amsterdam ulilipa gharama za kuchapa kazi zake zote za elimu. Alikufa tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden, ndani ya kanisa la Waprotestanti wa lugha ya Kifaransa, ambao wengi wao walikuwa wajukuu wa wakimbizi.

Kazi yake kubwa ya mwisho, juu ya kutengeneza mambo yote ya wanadamu, hakuimaliza. Maandishi yake yalipotea kwa zaidi ya miaka 250. Yalipatikana katika maktaba ya kituo cha yatima huko Halle, Ujerumani, katika miaka ya 1930, na kuchapwa yote Prague mwaka 1966. Humo shule si nne tena. Ameongeza nyingine, hata shule ya uzee, na shule ya kifo.

Kanisa lake nalo halikufa kama alivyoogopa. Mbegu chache zilibaki zimefichika Moravia. Mwaka 1722 baadhi ya watu hao walivuka kwenda Ujerumani wakajenga kijiji cha Herrnhut. Mwaka 1735 mmoja wao, seremala David Nitschmann, aliwekewa mikono kuwa askofu. Aliyemwekea mikono ni Daniel Ernst Jablonski, mwana wa binti ya Comenius, aliyekuwa ameutunza uaskofu wa babu yake kwa ajili ya kanisa lisilokuwepo. Kutoka Herrnhut wakatumwa wamisionari, na mwaka 1891 wanne wao walifika Rungwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika Tanzania ya leo. Ndugu zetu wa Moraviani wa Mbeya, Tabora na Kigoma, ambao wengi wenu mmekutana nao ng'ambo ya Tanganyika, wametoka katika mstari huo. Pale Rungwe shule za mwanzo hazikuanza kwa Kijerumani. Watoto walijifunza kusoma kwa Kinyakyusa.